Springi za Pikapu ya Kikundi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Huenda mtashangaa kuona tunaandika juu ya springi za gari. Lakini kwa kikundi chenye gari, springi iliyovunjika inaweza kula akiba ya msimu mzima, na ikivunjika mahali pabaya inaweza kula watu. Tulikaa na kikundi kimoja upande wa Masara siku walipokuwa wakibishana juu ya jambo hili, tukaona afadhali tuliandike ili wengine nao wasome.

Kikundi hicho kina pikapu ya zamani, Peugeot 504, ile ambayo wazee wengi wa hapa kwetu waliipanda zamani ikiwa matatu. Mchana inabeba mahindi, saruji na mchanga. Siku nyingine inakodishwa kubeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye vinu. Usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, ni hiyo hiyo inayoamshwa. Siku tuliyofika ilikuwa imechuchumaa nyuma upande wa kushoto, na jani moja la springi lilikuwa limepasuka.

Fundi kijana alikuwa amekwisha kutoa dawa yake. "Mama, hii ni kuchomelea tu. Nusu saa mnaenda."

Mweka hazina, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, alimtazama kwanza. "Mwanangu, na ikikatika tena tukiwa na mgonjwa nyuma?"

Vijana wa kikundi walitaka kitu kingine kabisa: waongeze majani mawili mazito kutoka kwa lori lililokufa, "ibebe hata tani mbili." Mwenyekiti, jaduong' wa miaka mingi, alitaka springi mpya lakini hakujua aitishe ya namna gani. Maneno yalikuwa mengi, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa amechukua futi kamba na kupima gari.

Springi inafanya nini

Pikapu kama hii ina springi za aina mbili. Mbele kuna za koili, yaani chuma cha mviringo kilichosokotwa kama nyoka. Nyuma kuna za majani, ambazo mafundi wengi huziita lifu: vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa na tundu kila mwisho, na vingine vikiendelea kuwa vifupi. Katikati vimeshikwa na boliti moja ndefu, senta boliti, kisha fungu lote limefungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la U.

Gari likigonga shimo, springi inapinda na kunyooka tena. Ikinyooka huwa ndefu kidogo, ndiyo maana mwisho mmoja umefungwa moja kwa moja kwenye chesisi, na mwisho mwingine umening'inia kwenye shako, kile kipande kinachobembea. Shako likikwama kwa kutu au matope, springi haina pa kwenda, na jani kuu ndilo linaloumia. Hapa kwetu, ukitoka barabara kubwa na kuingia njia za udongo mweusi wa Nyatike wakati wa mvua, matope hayo huingia kila mahali na kukauka kama saruji. Kabla hujaanza kulaumu springi, osha chini ya gari utazame kama shako zinatembea.

Sasa, kitu ambacho wengi hawakijui. Springi iliyolala haijapoteza ugumu wake. Chuma ni kile kile, na kwa kila gunia unaloongeza itashuka kiasi kile kile ilichokuwa ikishuka ilipokuwa mpya. Ilichopoteza ni kimo. Imebebeshwa kupita kiasi mara nyingi hadi imekubali umbo jipya, kama mzee aliyeinama kwa kubeba mizigo. Kwa hiyo gari linaanzia chini, na nafasi ya kupanda na kushuka imekwisha kabla mzigo haujapakiwa. Anayekuja na dawa ya kuongeza ugumu huenda anatibu ugonjwa ambao gari halina.

Futi kamba kwanza

Egesha gari mahali tambarare, likiwa tupu, upepo wa tairi ukiwa sawa kushoto na kulia. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi iliyoisha itakudanganya. Pima pembe zote nne na kuandika. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, kuna jambo. Halafu tafuta gari lingine la aina ile ile ambalo bado linasimama vizuri, umwombe mwenyewe akuruhusu kupima. Hilo ndilo litakuonyesha kimo halisi kuliko maneno ya duka lolote.

Kisha lala chini ya gari na kuangalia mpira wa kugongea, ule ulio kati ya ekseli na chesisi. Ukiwa umeng'aa au umepasuka, ekseli imekuwa ikiupiga kila siku, maana yake gari hupakiwa kupita kiasi au springi zimelala, au yote mawili. Angalia pia majani yenyewe karibu na senta boliti. Tundu la boliti hiyo ni mahali dhaifu, na mpasuko mara nyingi huanzia hapo ukifichwa na uchafu. Sugua kwa brashi ya waya na kutazama kwa tochi.

Ukikubali kwamba springi inabadilishwa, pima ile ya zamani kabla ya kwenda kununua. Andika idadi ya majani, upana wa jani kwa milimita, na unene wa kila jani, maana mara nyingi hayalingani. Pima kipenyo cha tundu la mwisho. Halafu pima kutoka senta boliti hadi tundu la mbele, na kutoka senta boliti hadi tundu la nyuma. Hapo ndipo watu wengi huanguka. Kwa magari mengi vipimo hivi viwili si sawa, sehemu ya mbele ni fupi kidogo. Ukiletewa springi yenye urefu ule ule kwa jumla lakini boliti iko mahali tofauti, au ukiifunga kinyume, ekseli itakaa mbele au nyuma ya mahali pake na gari litatembea upande kama kaa. Mwisho, funga uzi kutoka tundu hadi tundu na kupima umbali wa uzi huo hadi jani kuu pale katikati. Hicho ndicho kimo cha upinde. Ukiweza, beba springi yenyewe hadi dukani. Muuzaji wa Kisumu au wa Kirinyaga Road kule Nairobi hawezi kubishana na chuma kilicho mezani kwake.

Unene una hesabu yake

Tunarudi kwa wale vijana na majani yao ya lori. Mawazo yao si ya ujinga, yana mantiki, ila hesabu ndiyo iliyokuwa imewaponyoka.

Ukiongeza jani moja la unene ule ule, ugumu unaongezeka kwa kiasi cha jani moja. Hilo ni rahisi. Lakini ukiongeza unene, ugumu hupanda kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua jani la milimita 7 na jani la milimita 10 yenye urefu na upana sawa. 7 mara 7 mara 7 ni 343. 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Kwa hiyo jani moja la milimita 10 lina ugumu wa karibu majani matatu ya milimita 7! Kwa macho tofauti ni milimita 3 tu, unene wa sarafu mbili hivi.

Sisi wenyewe tulijifunza haya kwa hasara. Miaka iliyopita pikapu tuliyokuwa tukifanyia kazi iliwekwa majani mawili mazito ya lori katika karakana moja ambayo hatutaitaja. Tulifurahi sana, gari lilikuwa limesimama kama jogoo. Likiwa tupu lilikuwa linaruka kwenye kila bati la barabara hadi meno yanagongana. Tulivumilia. Baada ya wiki chache jani kuu lilikatika, tena si kwenye tundu bali pale ambapo ncha ya jani zito fupi ilikuwa inaishia. Fungu la springi linatakiwa lipinde kidogo kidogo kwa urefu wake wote. Ukiweka kipande kigumu katikati, upindaji wote unakusanyika kwenye ncha ya kipande hicho, na chuma kinachoka hapo.

Hilo halikuwa la mwisho. Majani mawili zaidi yalifanya fungu liwe nene, lakini boliti za U zilikuwa zile zile za zamani. Nati zilishika nyuzi chache tu za mwisho. Zikalegea, senta boliti ikakatika, na ekseli ikarudi nyuma upande mmoja. Gari lilijivuta lenyewe kuelekea mtaroni. Tulikuwa mwendo wa polepole na nyuma hakukuwa na mtu. Tangu siku hiyo tukiona karakana inaongeza majani tunauliza kwanza: boliti za U ni mpya, na zina urefu gani?

Mzigo wenyewe ni kiasi gani?

Springi ngumu zaidi haiongezi mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi na breki hazijabadilika. Kinachobadilika ni kwamba gari halichuchumai tena, kwa hiyo dereva hapati onyo. Angalia logibuku uone uzito wa gari tupu na mzigo ulioruhusiwa. Pikapu ya aina hii iliundwa kubeba tani moja na kidogo, si zaidi.

Tulifanya hesabu na wanakikundi palepale chini ya mwembe. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Hapo hakuna ubishi, kwa sababu gunia na mfuko vinahesabika. Taabu ni mchanga na mawe. Kipimo cha mita moja kwa mita moja kwa mita moja cha mchanga mkavu kina uzito wa kama kilo 1,600, na uliolowa unazidi hapo. Tulipima sanduku la pikapu: urefu mita 2, upana mita 1.6, ubavu sentimita 40. Ukizidisha unapata mita za ujazo 1.28. Ukijaza mchanga hadi ukingoni, umebeba zaidi ya tani mbili.

Mweka hazina alicheka, si kwa furaha. "Kumbe tumekuwa tukibeba magari mawili na kulipwa moja."

Walipiga mstari mweupe wa rangi ndani ya sanduku, sentimita 20 kutoka chini. Mchanga na mawe ya dhahabu havipiti mstari huo, awe ni mteja, awe ni mjumbe wa kamati. Pia walikubaliana mzigo mzito ukae karibu na kabini, kwa sababu ukiwekwa wote nyuma ya ekseli unainua mbele kama mchezo wa watoto wa kupanda na kushuka ubao, na usukani unakuwa mwepesi hadi gari halitii kona.

Lakini bado kulikuwa na swali la yule mgonjwa wa usiku. Springi inayofaa tani moja ya mawe ni ngumu mno kwa mama mmoja aliyelala kwenye godoro. Na si starehe tu. Gurudumu linaloruka haliko chini, na gurudumu lisilo chini halina breki. Kwa shida hii kuna kitu kizuri ambacho viwanda vingi huweka: jani la msaada. Ni jani fupi, nene, karibu limenyooka, linalokaa chini kabisa ya fungu. Gari likiwa tupu ncha zake hazigusi jani la juu yake, na springi inabaki laini. Mzigo ukiingia, majani ya juu yanashuka yakalikuta, nalo linaanza kubeba. Kama fungu lako lilikuwa na jani hilo na fundi fulani alilitupa, lirudishe. Kama lipo lakini linagusa hata gari likiwa tupu, basi majani ya juu yamelala, hayo ndiyo ya kubadilisha.

Mpya, ya mkono wa pili, au ya kupindwa upya?

Kuchomelea, hapana. Hilo tunalisema bila kuzunguka. Chuma cha springi kina kaboni nyingi na kimepata nguvu yake kwa moto uliopimwa: kinapashwa hadi kama nyuzi 850, kinatumbukizwa kwenye mafuta, halafu kinapashwa tena kwa moto mdogo zaidi, nyuzi 450 hadi 500 hivi, ili kisiwe kikavu kama kioo. Moto wa kuchomelea unaharibu kazi hiyo yote. Kando ya mshono chuma kinakuwa kigumu na kikavu, mbele yake kidogo kinakuwa laini. Kitakatika, na mara nyingi kitakatika pembeni ya mshono.

Wahunzi wetu wanaijua siri hii siku nyingi. Panga zuri la hapa kwetu hutengenezwa kwa springi kuukuu, na mhunzi hawezi kulichomelea panga lililopasuka, atalifua jingine. Kwa hiyo springi za zamani zisiachwe karakana. Ni mali ya kikundi, zinauzika.

Kupinda upya kunawezekana. Yupo fundi anayepinda kwa nyundo au kwa mashine bila moto. Kimo kinarudi kwa muda, na kwa bei nafuu, lakini springi hukumbuka ilivyokuwa imelala na baada ya miezi inarudi pale. Anayepinda kwa moto bila kuirudishia ile kazi ya mafuta na moto mdogo anakuuzia chuma laini. Muulize anaipoozea wapi. Akikuambia anaimwagia maji, chukua springi zako uende.

Za mkono wa pili kutoka gari lililovunjwa zinafaa kama umezikagua kwa brashi na tochi, umezipima kwa uzi, na zote mbili zinalingana. Mpya ni bora ukiwa na fedha. Vyovyote vile, badilisha kushoto na kulia pamoja. Springi mpya upande mmoja na iliyolala upande mwingine zitainamisha gari, na kila kona litajibu tofauti.

Kuhusu zile za koili za mbele tuseme kwa kifupi. Unene wa waya wake una nguvu kuliko hata ule wa jani: hapa hesabu ni mara nne. Waya wa milimita 13 badala ya 12 unaongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo ukinunua, pima unene wa waya, hesabu mizunguko, pima urefu ikiwa nje ya gari, na angalia mwisho umekatwa vipi, bapa au kama mkia wa nguruwe, maana ni lazima ukae kwenye kiti chake. Usikate mzunguko ili kushusha gari. Springi inakuwa fupi, na pia ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia kwenye shimo inaweza kutoka mahali pake. Usibane mipira kati ya mizunguko ili kuinua gari, kama tunavyoona kwenye magari mengi ya abiria. Mzunguko uliobanwa haufanyi kazi, iliyobaki inabeba kazi yake, na siku moja inakatika.

Vijana walituuliza, mbona magari ya Safari Rally yaliwekwa springi ngumu na yakashinda? Swali zuri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Mwaka 1971, na tena 1973 Shekhar Mehta akiwa dereva, yalichukuliwa na Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye milango miwili, lililoundwa kwa ajili ya lami, springi za koili kwenye magurudumu yote manne. Peugeot 504, ndugu wa hii yenu, ilishinda mwaka 1975. Lakini magari hayo hayakubadilishwa springi peke yake. Yaliinuliwa, yakapewa shokomzoba zinazolingana na springi hizo, bodi ikaimarishwa, na fundi alikuwa akingoja kila kituo. Na hayakubeba mawe. Hata leo, wenye magari hayo ya zamani wanaoingia katika Safari ya magari ya kale, iliyoanza mwaka 2003, hupima kimo cha pembe nne na ugumu wa springi kabla ya kununua, kama sisi tu.

Siku ya kufunga

Springi za koili za mbele msizifungue kijijini. Koili iliyobanwa ndani ya nguzo yake ina nguvu ya kuua mtu. Nati ya juu haifunguliwi mpaka springi imebanwa kwa kifaa chake maalum, na fundi anayetaka kuifunga kwa waya au kamba afukuzwe. Pelekeni kwenye karakana yenye kifaa.

Za majani mnaweza kusimamia wenyewe na fundi wenu. Siku moja kabla, mwagieni boliti zote mafuta ziloweke. Gari lisimame pagumu na tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Inueni, muweke stendi au magogo imara chini ya chesisi, kisha jeki ya pili ishike ekseli. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Fanyeni upande mmoja, mkimaliza ndipo muende wa pili, ili ekseli isipotee mahali pake. Fungueni mwisho wa chini wa shokomzoba, halafu boliti za U, halafu mshushe ekseli taratibu huku mtu mmoja akiangalia hosi ya breki. Ekseli isining'inie kwenye hosi hiyo hata kidogo.

Bushi ziwe mpya. Ni vitu vidogo, na springi mpya kwenye bushi iliyokufa itapiga kelele siku ya kwanza. Safisheni kiti cha springi, kisha hakikisheni kichwa cha senta boliti kimeingia ndani ya tundu lake, si juu ya ukingo. Boliti za U ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika, na nati zikazwe kwa zamu, msalaba kwa msalaba, kidogo kidogo. Boliti za bushi na shako mziingize lakini msizikaze mpaka mwisho. Shusheni gari litue kwa magurudumu yake, mlitingishe mara chache, ndipo mkaze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukikaza bushi ya mpira gari likiwa limening'inia, gari likitua mpira unabaki umejisokota, na utachanika.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi hukipita. Pikapu nyingi zina vali ya breki nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo au springi ndogo. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likishuka, inaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Mkiinua gari kwa springi mpya, vali hiyo inadhani gari ni tupu hata likiwa na tani moja, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Mwambieni fundi airekebishe, kisha mzijaribu breki mahali wazi, gari likiwa tupu na tena likiwa na mzigo. Taa za mbele nazo zitahitaji kupangwa upya. Wakaguzi wa NTSA huziangalia hizo zote kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara.

Kikundi kile kilinunua springi mbili za mkono wa pili zenye majani sawa, bushi mpya na boliti za U mpya. Fundi kijana ndiye aliyezifunga, mweka hazina akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na daftari akiandika kila kilichoingia na kilichotoka. Baada ya kilomita kama 100 walirudi kukaza boliti za U, na moja ilikubali robo mzunguko zaidi. Spana ya boliti hizo sasa inakaa chini ya kiti cha dereva, na jina la anayekaza linaandikwa daftarini kila mwisho wa mwezi.